Barua ya wazi: Thieta zimejengwa, sasa nani anamtazama mama akishachomwa ganzi?

Kwa: Waziri wa Afya, Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI, Makatibu Tawala wa Mikoa, Wakurugenzi wa Halmashauri, Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya

Yah: Kutambua mapema na kukabili madhara ya ganzi, usingizi na upasuaji wa uzazi katika vituo vya afya na hospitali za halmashauri

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tuanze na kilichofanyika, maana si haki kukiruka. Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa 2022 ulihesabu vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulihesabu 556. Vituo vya afya ambavyo zamani viliishia kupima malaria na kufunga vidonda leo vina thieta, na mama anayehitaji kupasuliwa hapakiwi tena kwenye gari usiku kucha kutafuta hospitali ya wilaya. Hakuna anayefanya kazi wodi ya wazazi atakayelibeza hilo.

Lakini kila thieta iliyofunguliwa imehamisha pia hatari. Ganzi ya uti wa mgongo, ambayo zamani ilichomwa hospitalini tu, sasa inachomwa mahali penye mtoa usingizi mmoja, saa nane za usiku, na wa kumsaidia yuko umbali wa saa nzima kwa gari. Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25. Vifo vilikuwa takribani mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wenyewe walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache, na zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Walipotazamwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji peke yao, walikufa takribani 5 katika kila 1,000, kiwango kinachokaribia mara 50 ya nchi tajiri. Wanawake wenye nguvu zao, wengi hawajafika miaka 35.

Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya vifo hivi inatokana na matatizo yenye tiba, tena tiba rahisi. Presha kuporomoka baada ya ganzi hutibiwa kwa dawa inayoenea kwenye bomba moja la sindano. Damu inayovujia tumboni hujionyesha kwenye mapigo ya moyo mapema kabla mama hajazimia. Kinachopotea ni dakika: hapakuwa na mtu anayetazama tatizo lilipoanza, au aliyekuwepo hakuwa na kitu mkononi. Ruhusuni tueleze dakika hizo zinavyopotea, ili bajeti ijayo ijue pa kuziba.

Ganzi ya uti wa mgongo ndiyo inayowafaa wengi wanaojifungua kwa upasuaji. Mama yuko macho, anapumua mwenyewe, koo lake halihitaji mrija. Usalama huo ndio unaowalaza watu. Dawa haizimi maumivu tu. Inalegeza pia mishipa ya damu ya tumbo na miguu, damu inatuama huko, na presha inaporomoka ndani ya dakika 2 hadi 10. Mimba nayo inaulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Mama haanzi kwa kuzimia. Anapiga miayo, anasema moyo unamchafuka, uso unapauka, jasho jembamba linamtoka. Asiyejua humletea beseni la kutapikia. Anayejua hutazama presha.

Kinachotakiwa kinajulikana. Kanula nene (mrija mwembamba wa mshipani), namba 18 au 16, iwe imeingia kabla mgongo haujaguswa, na dripu ianze kukimbia wakati uleule ganzi inapochomwa. Nyonga ya kulia iinuliwe kwa nyuzi 15 ili mimba iegemee kushoto. Presha ipimwe kila dakika hadi mtoto atoke, kisha kila dakika 5. Dawa ya kupandisha presha iwe imeshavutwa kwenye bomba na kuandikwa jina na kipimo kabla ya ganzi. Ikiwa bado kabatini, ni sawa na kutokuwepo. Feniliefrini ya mg 10 ikichanganywa kwenye dripu ya ml 100, kila ml 1 inabeba mikrogramu 100, na unatoa nusu ml hadi ml 1. Efedrini ya mg 30 ikiongezewa maji hadi ml 10, unatoa ml 2 au 3. Mapigo yakiwa chini ya 60 huku presha imeshuka, feniliefrini haifai kwa sababu itayashusha zaidi. Hapo ni efedrini, au atropini mg 0.6 ya kupandisha mapigo. Na siku ambayo stoo haina hata moja kati ya hizo mbili za kwanza, adrenalini ya mg 1 kwenye dripu ya ml 100 inatoa mikrogramu 10 kwa kila ml, na ml 1 baada ya nyingine humvusha mama. Bomba hilo liandikwe kwa herufi kubwa, maana ml 1 ya adrenalini ambayo haijachanganywa ina nguvu mara mia ya hiyo, na inaweza kumuua.

Sasa tazameni nani yuko thieta dakika hizo. Mpasuaji na msaidizi wake wameshavaa glavu. Muuguzi wa tatu anatafuta uzi au anahesabu vitambaa. Mtoto anatoka, halii. Anaitwa nani? Mtoa usingizi, kwa sababu ndiye anayejua kushika ambubegi, ule mfuko wa kubana kwa mkono wa kumpumulisha mgonjwa. Anamwacha mama na kwenda kwenye meza ya mtoto, wakati uleule ambao kondo linatolewa, damu inatoka kwa wingi, na oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, inaingia. Oksitosini yenyewe, uniti 10 zikisukumwa mshipani kwa pupa, inashusha presha. Inatakiwa uniti 3 hadi 5 polepole, kisha nyingine kwenye dripu. Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walisema, na hapa mkono huohuo mmoja unatakiwa ulee mwana na mama yake.

Viwango vya kimataifa vya usingizi salama, vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la dunia la vyama vya wataalamu wa usingizi, vinataka mtoa usingizi awe kando ya mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kifungu cha usiku wala cha upungufu wa watumishi. Kwa hiyo ombi la kwanza ni la ikama ya watumishi, na halihitaji hata tofali moja: orodha ya zamu ya thieta iwe na jina la mkunga au muuguzi wa kumpokea mtoto, aliyefundishwa kumpumulisha, na asipokuwepo upasuaji usiokuwa wa dharura usianze.

Ipo hatari nyingine ya ganzi hii, adimu zaidi lakini ya haraka zaidi: kupanda juu mno. Ampule ya bupivakaini nzito, yaani kichupa cha dawa hiyo ya ganzi, ina ml 4. Kwa upasuaji wa uzazi inatosha ml 2 hadi 2.4. Mama mfupi anahitaji chini ya hapo, na hatari kubwa zaidi ni kurudia dozi nzima pale ganzi ya kwanza iliposhika nusu tu, kwa sababu ya pili inaikuta ya kwanza bado ipo. Dalili hufuatana kama ngazi. Vidole vya mikono vinawashawasha. Mwambie abane vidole vyako viwili, hawezi. Mwambie akohoe, inatoka pumzi tu. Sauti inageuka kunong'ona, anasema hapati hewa, mapigo yanapungua, kisha anaacha kupumua huku masikio yake bado yanasikia kila mnachosema.

Kosa la kawaida ni kumkalisha ili “dawa ishuke”. Dawa haitashuka kwa wakati, na damu kidogo iliyobaki kichwani ndiyo itakayoshuka. Alale, miguu iinuliwe, mimba isukumwe kushoto, oksijeni, barakoa na ambubegi mara tu pumzi inapokuwa fupi, mrija kooni akizidiwa, dripu, adrenalini kwa vipimo vidogo vile tulivyotaja, atropini mapigo yakianguka. Halafu kazi ni kuendelea kumpumulisha. Ganzi itaisha yenyewe baada ya saa 1 hadi 2 na mama ataamka na kumnyonyesha mwanawe, mradi kuna mtu aliyebana ule mfuko muda wote huo. Moyo ukisimama kabla mtoto hajatoka, mmoja anakandamiza kifua, wa pili anaisukuma mimba kushoto kwa mikono, na mtoto atolewe palepale ndani ya dakika 5. Hakuna kumhamisha, hakuna kuosha mikono kwa utaratibu. Hili halifundishiki siku linapotokea. Linataka mazoezi ya nusu saa kila mwezi, timu nzima, kwenye meza ileile, na mdoli au hata mto wa kulalia.

Lipo jambo moja ambalo mnaweza kulitekeleza kesho kwa waraka wa ukurasa mmoja. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu asidi traneksamiki, dawa ya kuzuia damu, kuchomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo badala ya bupivakaini. Ampule hufanana: ndogo, za kioo, maji meupe. Zikikaa kwenye trei moja, mkono wenye haraka huokota isiyo yake. Mama hapati ganzi. Badala yake anaanza kulia maumivu makali ya mgongo na makalio, misuli ya miguu inarukaruka, degedege linafuata, na moyo unaharibika mwendo. Karibu nusu ya waliopatwa na kosa hili duniani wamekufa. Hatusemi dawa iondolewe. Inaokoa: gramu 1 mshipani kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na gramu nyingine baada ya dakika 30 damu ikiendelea. Tunasema isikae kwenye meza ya ganzi wala kwenye droo ya mtoa usingizi. Iwe kwenye boksi la dharura ya damu, upande wa pili wa chumba. Ampule ya ganzi isomwe kwa sauti na watu wawili kabla haijavunjwa. Na wanaonunua dawa, manunuzi ya bohari yanapobadilisha kiwanda na ampule ikaja na sura mpya, watume taarifa vituoni siku ileile pamoja na picha.

Tuje kwenye usingizi kamili, nusu kaputi kama wagonjwa wanavyouita. Hutumika pale ganzi haifai: damu imeshatoka nyingi, mama ana degedege, au mgongo umekataa. Hapa tatizo ni koo. Mjamzito ana koo lililovimba, tumbo linalosukuma mapafu juu, na anatumia oksijeni kwa kasi. Akiacha kupumua, akiba yake inaisha mapema kuliko ya mtu mwingine. Ndiyo maana kabla ya dawa ya usingizi anavuta oksijeni kwa barakoa iliyobana vizuri kwa dakika 3 kamili, si “kidogo tu”. Mabega na kichwa viinuliwe kwa mashuka hadi sikio liwe usawa wa kifua. Sakshen, mashine ya kufyonza mate na matapishi, iwe imewashwa na mrija wake uko chini ya mto. Mirija miwili, namba 7 na 6.5, iwe imefunguliwa. Majaribio ya kuingiza mrija ni mawili, basi. Baada ya hapo ni barakoa ya kooni, na ikishindikana na barakoa ya kawaida ikashindikana, ni kisu shingoni kufungua njia ya hewa. Wanaokufa wengi hapa hawafi kwa sababu mrija haukuingia. Wanakufa kwenye jaribio la tano, au kwa sababu mrija umeingia kwenye njia ya chakula na hakuna aliyejua.

Hilo la mwisho linahitaji kifaa ambacho vituo vingi havina. Kusikiliza kifua kwa stetoskopu hudanganya, na mvuke kwenye mrija hudanganya. Kipima oksijeni cha kidole nacho huchelewa: mama aliyevuta oksijeni vizuri anaweza kuonyesha 98 kwa dakika nzima na zaidi wakati mapafu hayapati hewa yoyote, na namba inapoanza kuanguka, huanguka kama jiwe. Kapnografu ndiyo isiyodanganya. Inapima kaboni dioksidi inayotoka kwa pumzi. Wimbi likionekana pumzi baada ya pumzi, mrija uko kwenye njia ya hewa. Wimbi lisipoonekana, mrija unatolewa, hakuna mjadala. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya gharama ya mashine ya usingizi, na tungekuwa sisi ndio tunaoshika kalamu, tungeinunua kabla ya mashine hiyo.

Maana mashine zenyewe, waheshimiwa, zina kisa chake. Nyingi zinazokuja zimetengenezwa kwa hospitali zenye bomba la oksijeni ukutani, zikitegemea msukumo wa takribani ba 4. Kituo cha afya kina mashine ndogo ya kuzalisha oksijeni, ambayo hutoa lita 5 au 10 kwa dakika kwa msukumo mdogo sana. Ukiziunganisha, mashine ya usingizi inapiga kengele na kugoma. Inafunikwa shuka, inawekwa pembeni, na kwenye taarifa ya robo mwaka inaandikwa “ipo”. Kabla ya kununua au kupokea msaada, muulizeni mtoa usingizi wa kituo husika maswali matatu: inafanya kazi umeme ukikatika? Inafanya kazi kwa oksijeni ya msukumo mdogo? Nani atakayeitengeneza, na vipuri viko wapi? Mashine ambazo mgonjwa huvuta hewa ya kawaida kupitia dawa, zikiongezewa oksijeni, hupita maswali yote matatu. Hazipendezi kwenye picha za uzinduzi.

Hesabu ya mtungi pia ifanywe kabla. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoa lita 5 kwa dakika unadumu karibu saa 23. Ule mdogo wa lita 680, ukitoa lita 10 kwa dakika wakati wa dharura, unaisha kwa dakika 68. Gari la wagonjwa likibeba huo mdogo kwa safari ya saa 2, oksijeni itakwisha njiani. Na chumba chochote kinachotoa usingizi kiwe na ambubegi inayoning'inia ukutani, kwa kuwa ndicho kifaa pekee kisichojali umeme, mtungi wala fundi.

Kuhusu kipima oksijeni, neno moja kwa wenzetu wa pwani. Piko nyeusi kwenye kucha na ncha za vidole huzuia mwanga wa kipimo. Namba hupotea au hushuka kwa uongo. Kihamishieni kwenye ndewe ya sikio au kidole cha mguu kabla ya kulaumu kifaa. Na sauti yake isizimwe. Mlio unaposhuka, mtoa usingizi anasikia hata akiwa amegeuka. Ukizimwa kwa sababu “unapiga kelele”, kifaa kinabaki pambo.

Sasa upasuaji umekwisha, na hapa ndipo pana kazi kubwa zaidi. Turudi kwenye ile hesabu ya vifo 9 kati ya 10. Mama anatolewa thieta, anasukumwa hadi wodini ambako muuguzi mmoja ana wagonjwa 30, anapimwa presha moja, inaandikwa 110/70, “anaendelea vizuri”. Presha hiyo inaweza kuwa ya mtu anayevuja damu tumboni. Mwili wa kijana hubana mishipa na kuongeza mapigo ili presha isishuke, na anaweza kupoteza lita 1 na zaidi kabla namba haijabadilika. Ikibadilika, muda umeisha. Kwa hiyo isitazamwe peke yake. Gawanyeni mapigo kwa presha ya juu. Mapigo 80 kwa presha 110 ni 0.7, salama. Mapigo 120 kwa presha ileile 110 ni 1.1, na chochote kuanzia 0.9 kwenda juu ni cha kumwita daktari na kuandaa damu. Hesabu hiyo inafanyika kwenye simu ya tochi. Ziongezeeni dalili za macho na mikono: kiu isiyoisha, kuhangaika kitandani, vidole vya baridi, tumbo linalojaa, maumivu ya bega, mfuko wa uzazi ulio laini kama unga, mkojo chini ya ml 30 kwa saa kwenye mfuko wa katheta. Pedi kavu haithibitishi kitu, kwa sababu damu ya kidonda cha mfuko wa uzazi huingia tumboni. Na kama alipewa usingizi wa gesi, kumbukeni halotheni au isoflureni ikizidi huulegeza mfuko wa uzazi, kwa hiyo usugue na kuutazama zaidi.

Tunaomba eneo la kuamkia. Si lazima jengo jipya. Kona yenye vitanda 2 karibu na mlango wa thieta, kipima oksijeni, kipima presha, sakshen, ambubegi, na muuguzi mmoja asiye na wodi nyingine. Mama akae hapo kwa muda wa saa 2, akipimwa kila dakika 15: mapigo, presha, oksijeni, pumzi, mfuko wa uzazi, damu, mkojo. Asitoke mpaka yuko macho kamili, oksijeni ni 94 au zaidi bila msaada, mapigo hayapandi, na ganzi inaonekana ikishuka. Wodini apimwe kila nusu saa kwa saa 4 nyingine.

Mtaambiwa kwamba haya yanatatuliwa kwa mwongozo na semina. Utafiti wa pili wa Afrika, uliochapishwa mwaka 2021, ulijaribu jambo linalofanana na hilo: wagonjwa wenye hatari kubwa wawekwe vitanda vinavyoonekana na wauguzi, wapimwe mara nyingi zaidi, ndugu waruhusiwe kukaa nao. Wagonjwa zaidi ya 28,000. Vifo havikupungua. Sisi tunalisoma hivi: kumwambia muuguzi aliyezidiwa aongeze umakini hakumwongezei mikono, na kugundua tatizo mahali pasipo na damu wala wa kumrudisha mama thieta hakumponyi. Ndiyo maana ombi la muuguzi wa kuamkia linakwenda pamoja na jokofu la damu, angalau uniti 2 za kundi O, hasi ikipatikana, zinazobadilishwa na kituo cha kanda cha Damu Salama kabla hazijaharibika. Na rufaa ipigwe mapema. Namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa akina mama, inafanya kazi. Inachelewa kupigwa, kwa sababu kuipiga ni kama kukiri umeshindwa. Wekeni kipimo badala ya hisia: mapigo yakigawanywa kwa presha yakabaki 0.9 au zaidi baada ya lita 1 ya dripu na dawa za kukaza mfuko wa uzazi, simu inapigwa.

Usaha na homa za siku ya tatu hatutazirefushia. Antibayotiki inatolewa kabla ya kisu, ndani ya saa 1, si baada ya kushona. Kuitoa siku 7 baadaye hakufidii dozi iliyokosekana mwanzoni.

Orodha ya usalama ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwanza kwenye hospitali 8 duniani kabla haijaenea, na moja ilikuwa Ifakara, hapahapa kwetu. Kwa jumla ya hospitali hizo vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Leo karatasi hiyo iko kwenye kila faili, na mara nyingi imewekwa alama zote na mtu mmoja baada ya mgonjwa kutoka. Ilikusudiwa kusomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya kutoka. Wakaguzi wanapohesabu karatasi zilizojazwa, wanawafundisha watu kujaza karatasi. Ingieni ndani msikilize.

Na mama anapofariki, barua ya kujieleza isimfikie mtoa usingizi kabla ya kikao cha mapitio ya vifo vya uzazi kukaa. Anayejua barua inakuja huandika presha nzuri kwenye chati. Tunajua hivyo kama mnavyojua ninyi. Kisha kikao kinakaa na chati ya uongo, kinaandika “damu nyingi” kama sababu ya kifo, na ampule iliyobadilishwa inabaki kwenye trei ileile. Mtoa usingizi awe mjumbe wa kudumu wa kikao hicho, na chati ya usingizi iwe ya kwanza kusomwa.

Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Usingizi uliozinduliwa mwaka 2018 uliandikiwa ukomo wa 2025. Mipango kabambe ya afya ya halmashauri inaandaliwa kila mwaka. Tunaomba ijayo iwe na vifungu vyake vyenye fedha: kapnografu na kipima oksijeni kwa kila meza ya upasuaji, nafasi mbili za mtoa usingizi kwa kila kituo chenye thieta, muuguzi wa kuamkia kwa kila zamu, jokofu la damu, na siku ya mazoezi kila mwezi yenye posho ya chakula cha mchana.

Mkija kukagua, msianzie kwenye bamba la uzinduzi. Ombeni droo ya mtoa usingizi ifunguliwe, mtazame kama asidi traneksamiki imo. Ombeni muonyeshwe dawa ya presha na bomba lililoandikwa. Ulizeni jina la aliyempokea mtoto usiku wa kuamkia leo. Chukueni chati ya mama yeyote aliyelala wodini, mgawanye mapigo kwa presha. Halafu, meza ikiwa tupu, ombeni umeme uzimwe kwa dakika 5, na msimame kimya muone nani anashika nini.

Wenu katika kazi,

Watoa usingizi, wakunga na wauguzi wa thieta wa vituo vya afya na hospitali za halmashauri